Unataka kwenda kisiwa cha Latham kuangalia ndege? Anza na mvuvi

Juzi dada mmoja kanifuata inboksi, "kaka, kweli mtu anatoka Dar mpaka Latham kuangalia ndege tu?" Anatoka dada, mi nimerudi wiki iliyopita na pua bado inabambuka kwa jua.

Kwanza achana na watu wa matembezi wenye boti za viti laini. Kuna mmoja alikula advansi yangu mwaka jana na mpaka leo tukikutana anajifanya yuko bize na simu, na kabla ya kuila alishanicheka, eti si niende tu Feri nikaangalie kunguru bure! Tafuta mvuvi wa jodari. Yeye macho yake yako kwa ndege muda wote, maana jodari wakiwasukuma vidagaa juu, buabua, wale ndege wa baharini, wanajazana hapohapo, kwa hiyo ukimfuata yeye umewafuata ndege.

Latham wavuvi wanaiita Fungu Kizimkazi, kijisiwa tambarare hakina mti, kilomita 60 hivi kusini mashariki ya Unguja. Safari ya kwenda siisimulii, ni maji na kelele za injini. Ila mkikaribia, pua inajua kabla ya macho, mbolea ile ya ndege ni balaa. Halafu makelele: buabua weusi mgongoni, weupe tumboni, hawa hata kukaa juu ya maji hawapendi, manyoya yao yanalowa.

Na nikampata niliyemfuata, bubi, ndege mwingine wa baharini, mkubwa, mweupe, uso mweusi kama kavaa barakoa. Akakunja mbawa hukohuko juu, akashuka chwaa! Kaibuka anameza. Nahodha akasema, "Huyo keshakula, sisi bado." Yule jamaa wa advansi angekuwepo aone.

Sasa nyie mnaojiita wapenda mazingira, kisiwani MSISHUKE. Ndege akiruka kukukimbia yai linabaki juani, na jua la pale linaivisha kweli, we unataka selfie yai la mwenzio lichemke? Zungukeni na boti inatosha.

Kusi likiwa kali, mwezi wa sita mpaka wa nane, kaeni nyumbani, subirini maleleji, upepo ukitulia. Dawa ya kichefuchefu meza kabla hamjatoka, ukishaanza kutapika imekula kwako. Nguo za mikono mirefu, laifujaketi uivae sio uikalie. Na nimesema mvuvi, sio boti ya viti.

Bei msiniulize, inategemea mafuta, tafuteni wenzenu mchangiane.