C ogumentedi naishikaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napigia kwaya gitaa hapa Tanga. Kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C ogumentedi naishikaje, na naiweka wapi katika wimbo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shika C yako ya kawaida, kisha laza kidole cha shahada kibane uzi wa 2 na wa 3 pamoja, freti ya 1 (nafasi ya kwanza shingoni mwa gitaa). G imepanda nusu toni, ikawa G#; ndiyo maana ya ogumentedi, sauti ya tano imepandishwa. Uzi wa 6 usiupige. Iweke kati ya C na F, usikilize G ikipanda G#, halafu A. Naupenda mno mpando huo! Mapigo mawili yanatosha. Ukiiachia zaidi, waimbaji watayumba. Tena E ogumentedi na G# ogumentedi umeshazipata, kwani sauti ni zilezile tatu: C, E na G#.