Uliza Ujibiwe: Boti ya kuvua kutwa nzima, ziwani na baharini

Msimu wa wageni unakaribia na maswali ya boti yamejaa, nimechagua matatu. La kwanza nalijibu kwa urefu kwa sababu mambo yaliyomo nayaona pale Kibirizi, ufukwe wa boti hapa Kigoma, kila mwaka, na yanawagharimu watu hela, mara nyingine na roho.

Shikamoo mjomba. Niko Mwanga hapahapa Kigoma. Mwezi wa saba natembelewa na mashemeji zangu kutoka Dar, tutakuwa watu sita, na wao wanachotaka ni kuvua tu, siku nzima tuko majini. Kuna jamaa kaniambia boti anayo, bei ya kutwa nzuri ila mafuta juu yetu, na anataka nimlipe yote kabla. Ni sawa kweli? Leseni inahitajika na sisi tunavua kwa kujifurahisha? Na samaki tutapata au tutazungushwa tu?

Marahaba mwanangu. Kabla hatujafika kwenye hela angalia kwanza tarehe. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, kwa makubaliano na wenzetu wa Burundi, Congo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwahiyo huo mwezi wa saba wako unaangukia katikati kabisa ya kipindi kama hicho. Nenda ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize tangazo la mwaka huu linasemaje, uulize wewe mwenyewe usimtume mwenye boti. Na hata ukikuta ziwa liko wazi, Mei mpaka Septemba ndo miezi ya upepo wa kutoka kusini mashariki, wimbi linakuja refu na mtu ambaye hajazoea anaweza kutapika asubuhi mpaka jioni. Ningekuwa mimi ningewaambia mashemeji waje mwishoni mwa Septemba au Oktoba mwanzoni, upepo unakuwa umepungua na mvua zenye radi hazijakolea.

Ukiwa hapo hapo ofisini uliza leseni ya uvuvi wa burudani. Kuvua kwa kujifurahisha hakukutoi kwenye sheria, na ukikamatwa huko majini ni wewe na mashemeji zako mnaoumbuka, nahodha atasema alikodiwa tu.

Sasa samaki. Wapo, ila inategemea unatoka saa ngapi na mwezi uko wapi. Dagaa usiku wanapanda juu, migebuka na sangala wanawafuata kuwala, na wavuvi wa vipe, yani vyombo vya kuvulia dagaa, wanawasha taa zao usiku huohuo. Alfajiri vipe vinarudi, na hapo ndo pa kununua dagaa wabichi wa chambo wakiwa bado wanang'aa. Ikifika mbaramwezi taa hazifui dafu mbele ya mwezi, vipe vingi vinapumzika, na chambo kibichi kinakuwa shida kukipata. Kwahiyo panga siku zako ziangukie kwenye giza, usipange kwa kuangalia likizo peke yake.

Saa nazo, hili waeleze wageni mapema. Huko Dar wamezoea saa 12 na kitu kumeshakucha, huku mwisho wa reli jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi na linazama karibu saa 1 jioni, ni nchi moja saa moja lakini sisi tuko magharibi mbali. Mkisema tuondoke saa 12 mtatoka bado giza giza, na ndivyo inavyotakiwa, mfike sehemu ya kuvulia kunapambazuka maana samaki anakula vizuri wakati huo, mkichelewa mpaka saa 3 mtakuwa mmeshalipoteza bao. Mrudi saa 9 au saa 10 jioni, mtu asiwadanganye kwamba kutwa nzima maana yake mpaka jua lizame.

Sehemu ya kuvulia ni kazi ya nahodha lakini na wewe ujue kidogo ili usipotezewe muda. Ziwa letu ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, pale panapozidi ni mita 1,470, na watu wakisikia hivyo wanadhani samaki wakubwa wamelala chini huko. Hapana. Upande huu wetu wa kaskazini ukishapita kama mita 100 kwenda chini maji hayana hewa ya oksijeni ya kumtosha samaki, uhai wote uko juu. Mtu akikushushia mshipi mita 200 anakupa mazoezi ya mikono tu. Kuhe mtafute kandokando kwenye mawe, migebuka mtafute maji ya wazi kwa kurambaza, yani boti inatembea polepole na chambo kinafuata nyuma, na ukiona ndege wamejikusanya wanachovya majini nenda hapo, kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna wenye njaa.

Msiende kuvua kwenye maji ya hifadhi. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, iko jirani tu hapo kaskazini na boti zinapita kila siku, watu wanajisahau. Kule Mahale maji ya kilomita 1.6 kutoka ufukweni ni mali ya hifadhi. Na milima ya Congo inavyoonekana karibu siku ya hewa safi isiwatamanishe, kule ni nchi nyingine.

Turudi kwenye hela. Neno la kuogopa kwenye barua yako ni hilo la "mafuta juu yetu". Injini ya farasi 40 ikikimbizwa mwisho inakunywa lita 15 na zaidi kwa saa, wakati mkirambaza polepole inakunywa kidogo sana, kwahiyo mafuta ya siku nzima yanategemea mtakimbia masaa mangapi na mtatembea taratibu masaa mangapi. Mwambie akupe hesabu kwa lita, kwenda, kuvua, kurudi, halafu mafuta yapimwe mbele yako kabla ya kuondoka na yanayobaki mjue ni ya nani. Kanuni ya watu wa majini ni theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi moja haiguswi. Akikwambia hiyo ya tatu ni kupoteza hela, mwanangu tafuta boti nyingine.

Usilipe yote. Toa nusu, kwa simu ili ujumbe ubaki, nusu nyingine mkirudi. Na muandikiane, hata kwenye karatasi ya daftari, saa ya kutoka na kurudi, nani anatoa chambo na ndoano na barafu, samaki ni wa nani maana wengine wanajua samaki ni wa chombo na wengine wanajua ni wa aliyekodi, na hapo ndipo watu wanashikana mashati ufukweni na harufu ya migebuka iko katikati yao. Muandike pia hali ya hewa ikiharibika inakuwaje. Mimi nashauri iwe hivi: msipotoka kabisa hela inarudi au siku inasogezwa, mkikatisha njiani mnalipa mafuta yaliyotumika na nusu ya boti. Hapo nahodha hana sababu ya kung'ang'ania kuendelea kwa kuogopa kukosa hela.

Hili la mwisho ndo nalishikilia kuliko yote. Nahodha akisema tunageuza, mnageuza. Asiulizwe mara mbili, asibembelezwe, asiongezewe hela. Wageni wanaangalia juu ya vichwa vyao wanaona jua linawaka, yeye anaangalia wingu lililokaa juu ya mlima na rangi ya maji kwa mbali, ameshaona wenzake hawakurudi. Ulichokodi hasa ni hayo macho yake, mbao na injini ni nyongeza. Kwahiyo kabla ya kumlipa mtu jiulize ni nahodha gani anakuja siku hiyo, mwenye boti mwenyewe au kijana aliyeokotwa asubuhi. Waulize akina mama wanaoanika dagaa pale pale, wanajua nani anageuza mapema na nani ni mbishi. Maboya ya kuvaa yawe sita yenu na ya mabaharia, yavaliwe na kufungwa nchi kavu, yasije yakawa yamekaliwa kama mito. Injini ya pili hata ndogo iwepo, na simu mbili kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa.

Kaka habari za kazi. Mimi nafundisha Ujiji, wenzangu tuliosoma nao wamenialika pwani, wamekodi boti ya kuvua bahari kuu siku nzima. Nimekulia ziwani sijawahi kuugua chomboni hata siku moja. Kuna cha kujiandaa?

Kipo kaka, na cha kwanza ni kuondoa huo uhakika. Wimbi la bahari ni tofauti, linakuja refu toka mbali linanyanyua boti na kuishusha hata siku isiyo na upepo, na tumbo la ziwani halilijui. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda, ukishaanza kutema mate umechelewa, muulize mfamasia. Kula kidogo, kitu kikavu, acha mafuta, kaa nyuma penye hewa angalia mstari wa mbali na simu weka mfukoni.

La pili, kuna kupwa na kujaa, jambo ambalo huku hatuna. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwenye bamvua, yani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya juu na chini inafika karibu mita 4. Wakikwambia tunatoka saa 10 usiku usione wanakuonea, labda saa 1 boti itakuwa imekaa kwenye mchanga. Na uliza mmepanga msimu gani, kaskazi ya Desemba mpaka Machi bahari inavulika vizuri kuliko kusi ya katikati ya mwaka.

Samaki wa huko hutawaamini. Nguru, jodari, kolekole, na mkibahatika mbasi au nduaro, wale wenye mdomo mrefu kama mkuki, huyo akiruka nje ya maji watu wazima wanapiga kelele. Nduaro na mbasi siku hizi wavuvi wengi wa burudani wanawaachia, wengine wanawawekea alama kwanza ili wakivuliwa tena ijulikane wametoka wapi, na mimi naunga mkono kwa moyo wote, nyama ya kula mtaipata kwa nguru. Mkielekea Mafia kumbukeni kuna hifadhi ya bahari pale tangu 1995, muulizeni nahodha mpaka wake, na mkikutana na papa potwe punguzeni mwendo mkae mbali, ni mkubwa na mpole, anakula vidudu vidogo vya majini.

Vaa glavu, mshipi wenye jodari unakata kiganja. Vifaa ulivyoazima huku visuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi jioni hiyohiyo, rili, yani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikilala na chumvi asubuhi haizunguki.

Shikamoo mjomba, mimi ni mama niko Gungu. Mwanangu ana miaka 9 anataka kwenda na baba yake kuvua kutwa. Kuogelea hajui. Nimruhusu?

Marahaba mama. Mruhusu nusu siku, kutwa nzima ni ndefu kwa mtoto, jua la ziwani linampiga toka juu na toka kwenye maji. Boya liwe la saizi yake, ukimvuta mabegani lisipande mpaka masikioni, na lile la mtu mzima usikubali hata kama wamelifunga kamba. Apewe mtu mmoja wa kumwangalia ambaye siku hiyo havui. Wakitia nanga sehemu zenye majani na maji yaliyotuama asiingie kuchezea, konokono wa kichocho wanakaa hapo. Na kuogelea aanze kufundishwa mwezi huu huu, baba yake ndo aanze naye.