Kwenda Mandvi (Gujarat) bila kukodi gari

Mkuu, umeuliza unafikaje Mandvi, mji wa pwani ya Kutch huko India, ukitokea Mumbai, na kama inatosha kulala Bhuj ukaenda Mandvi na kurudi siku hiyohiyo. Nianze na hilo la pili: lala Mandvi. Wageni wengi hulala Bhuj kwa sababu ndiko kwenye uwanja wa ndege na stesheni, kisha wanafika Mandvi jua limeshapanda, wanapiga picha kwenye kasri la Vijay Vilas, na maduka yakifunga mchana wanarudi wakisema mji hauna kitu. Mandvi ni mji wa asubuhi na jioni. Mchana hata mbwa wamelala.

Safari yenyewe. Kutoka Mumbai panda Kutch Express. Inaanzia Bandra Terminus, si ile stesheni ya kale ya katikati ya jiji wanayoipiga picha watalii, na wala si stesheni ya Bandra ya treni za mjini, ingawa majina yanafanana. Mwambie dereva "Bandra Terminus" na umkazie. Inaondoka jioni, inalala njiani kupitia Ahmedabad, asubuhi uko Bhuj. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na miezi ya baridi hazikai. Chukua daraja la 3A: kuna kiyoyozi, shuka unapewa, na abiria wenzako ni familia zinazofungua vyakula na kukulazimisha ule. Tiketi ikiandikwa RAC unapanda, ila utaanza safari mkigawana kitanda cha pembeni na mtu mwingine. Ikiwa WL (orodha ya kusubiri) hadi orodha ya mwisho ya abiria inatoka, hiyo si safari, tafuta njia nyingine. Ndege ya Mumbai–Bhuj ipo, ila viti vichache na bei hupanda haraka. Ukiwa Ahmedabad, tangu Septemba 2024 kuna treni ya Namo Bharat: inatoka Ahmedabad jioni na kutoka Bhuj alfajiri, kwa hiyo inafaa kwendea zaidi kuliko kurudia, labda ulale Bhuj usiku wa mwisho.

Bhuj kutoka stesheni chukua bajaji hadi stendi ya mabasi ya serikali. Patana kabla hujakaa. Kwenda Mandvi ni kama kilomita 60, na mabasi ni mengi mchana kutwa. Tatizo ni kibao: kimeandikwa Kigujarati, mpaka namba. Usihangaike kusoma, simama katikati ya stendi useme "Mandvi?" kwa sauti, utasukumwa hadi kwenye basi lako. Nje ya stendi kuna jipu za watu binafsi zinazoondoka zikijaa, na kujaa kwao ni kama daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kama una begi kubwa, subiri basi.

Ukishafika Mandvi huhitaji gari. Mji wa kale unaumaliza kwa miguu, vichochoro vyake vitakukumbusha Mji Mkongwe, na si bure: wafanyabiashara wa Kutch walikuwa Zanzibar tangu zamani, na kampuni ya Jairam Shivji ndiyo iliyokodishwa kazi ya kukusanya ushuru wa forodha ya Zanzibar enzi za Seyyid Said. Kwenda ufukweni au Vijay Vilas, kilomita kadhaa nje ya mji, panda bajaji, au chhakda, ile mashine yenye pikipiki mbele na bodi la kubebea watu nyuma. Inapiga kelele na inarusha mgongo, lakini nauli ni ndogo na hewa unaipata yote.

Sasa kilichonifanya nikwambie ulale huko. Kando ya mto Rukmavati, mjini kabisa, wanaunda majahazi ya mbao mpaka leo. Si ya maonyesho. Ni vyombo vikubwa vinavyobeba mizigo kwenda Dubai na Somalia, na kimoja huchukua kama miaka miwili kumalizika. Nenda kukipambazuka tu. Utaona mkuku (uti wa chini wa chombo) umelazwa, mataruma, yaani mbavu zake, yamesimama juu ya kichwa chako kama orofa tatu, na wazee wanakalafati, wanaziba nyufa za mbao kwa pamba na nyundo. Hakuna geti wala kiingilio nilichokutana nacho. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, usisimame chini ya mbao zinazopandishwa. Mimi ni mtoto wa pwani na nimeona majahazi, lakini ya ukubwa ule, bado yakiundwa kwa mkono, sijaona kwetu. Jioni rudi sokoni ule dabeli, ambayo Mandvi ndiyo kwao: mkate wa duara, viazi vya viungo, karanga na komamanga.

Mengine kwa haraka. Hoteli inatakiwa kuandikisha kila mgeni wa nje serikalini, na gesti ndogo nyingi zinakwepa kazi hiyo, kwa hiyo piga simu kwanza useme pasipoti yako ni ya wapi. Beba pesa taslimu, maana wao wanalipa kwa simu kupitia UPI na muuza chai hana chenji ya noti kubwa. Cheti cha homa ya manjano, hasa ukitokea au kupitia Kenya, kiwe kimetimiza siku 10, la sivyo wanaweza kukuweka karantini. Pombe Gujarat ni marufuku bila kibali. Nyama utaitafuta, usitegemee. Nenda kati ya Novemba na Februari. Mwezi wa tano Bhuj hupita nyuzi 40.

Na ukipata siku ya ziada Bhuj, zungukia vijiji vya Madhapar na Sukhpar. Wapo wazee huko walioishi Nairobi miaka mingi. Mmoja alinisikia naongea na simu kwa Kiswahili, akaniuliza Simba na Yanga nani anaongoza ligi, kisha akalipa chai yangu kabla sijajibu.