Wanaitikia "ndiyo", sukari haishuki

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Handeni. Kila Jumanne tuna kliniki ya kisukari na presha, wagonjwa kama 40. Kabla ya vipimo natoa somo la nusu saa: ugonjwa ni nini, madhara yake, lishe, dawa. Nikiuliza kama wameelewa, wote wanaitikia ndiyo. Mwezi unaofuata sukari iko 15, presha 180 kwa 110, na wengine dawa wameshaacha. Nimeomba fedha za kuchapa vipeperushi. Nifundishe vipi?

JIBU: Vipeperushi visubiri kidogo. Kwanza tuitazame hiyo "ndiyo".

Mzee wa miaka 70 akiulizwa "umeelewa?" na muuguzi wa umri wa mjukuu wake, tena mbele ya watu 40, ajibu nini kingine? Anakuitikia kwa adabu, na pengine anakuomba umwachie awahi gari. Jibu hilo halikwambii chochote kuhusu kilichobaki kichwani mwake.

Na kichwa hicho hakikuja kitupu. Wagonjwa wako wana elimu ya afya ya miaka mingi, na sehemu kubwa waliipata kwetu sisi wenyewe: elimu ya malaria. Umeumwa, umepimwa, umepewa dawa mseto, vidonge 4 kwa 4 hadi 24 vinaisha siku ya 3, umepona. "Maliza dozi" tumeihubiri mpaka watoto wanaijua. Sasa mtu huyohuyo mpe amlodipine, kidonge cha presha, ya siku 30. Atameza vyote 30, hatakosa hata kimoja, halafu atakaa nyumbani kwa raha zake: dozi kamaliza. Akirudi baada ya miezi 3 na presha 180, sisi tunaandika kwenye faili "hafuati matibabu". Amefuata vizuri sana, ila amefuata somo la ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza. "Mama, unavyojua wewe, vidonge hivi vikiisha, presha inakuwaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Hapo ndipo utajua ufundishe nini. Kwa wanaodhani presha ikishuka basi imepona, mimi huwa nawapa mfano wa mbuzi. Mbuzi aliyefungwa kamba hali mahindi ya jirani, lakini hamu ya mahindi anayo palepale. Ifungue kamba uone. Dawa ndiyo kamba. Wanacheka, na mwezi ujao wananiambia wenyewe: "Kamba bado ipo." Ndiyo maana sipendi kumwambia mgonjwa "presha yako sasa nzuri" nikaishia hapo. Ninaongeza, "nzuri kwa sababu unameza."

La pili ni maneno yetu wenyewe. Kwenye bahasha ya metformin, kidonge cha kisukari, tunaandika "kutwa mara 2". Kutwa ni toka jua kuchomoza hadi kuzama, ndiyo maana watu husema kutwa kucha. Mgonjwa anayejua Kiswahili chake vizuri anameza asubuhi na alasiri, usiku anapumzika. Mwambie "kimoja asubuhi ukila, kimoja usiku ukila", yaishe.

Saa nazo zina balaa lake, na hili kosa nimelifanya kwa mkono wangu. Nikiwa bado mgeni kazini nilimwandikia mama mmoja wa insulini ya mchanganyiko kwenye kadi: 8:00 na 8:00. Nilikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Yeye akasoma kilichoandikwa, saa nane. Karibu wiki 2 aliamka saa nane za usiku akajichoma, tumbo tupu, akarudi kulala. Asubuhi moja mwanawe akamkuta sukari imemshuka: kalowa jasho, anaangalia tu, haongei. Alipona, nashukuru. Toka siku ile siandiki saa kwa namba za Kizungu kwenye kadi ya mtu. Naandika "kabla ya chai ya asubuhi" na "kabla ya chakula cha usiku". Kwa watu wa Pwani, adhana ni saa nzuri kuliko hiyo ya mkononi.

Namba za sukari pia zinahitaji dakika moja. Kituoni unampima kwa kipimo cha mmol/L, anaona 7. Mwanawe aliye mjini anamletea mashine inayosoma kwa kipimo kingine, mg/dL, inatoka 126, nyumba nzima inalia. Ni sukari ileile: gawanya 126 kwa 18, unarudi kwenye 7. Mwombe kila mwenye mashine yake aje nayo siku ya kliniki, umwandikie kwa kalamu mgongoni mwa mashine namba zake zinazofaa. Na mwonyeshe neno "HI", kifupi cha Kiingereza "high", yaani juu. Mzee mmoja aliwahi kuniambia mashine yake mpya ina adabu, inamsalimia kila asubuhi. Kwenye mashine nyingi salamu hiyo maana yake sukari imepita 33 kwa mmol/L, ambayo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Sasa namna ya kujua kama somo limefika. Acha "umeelewa?" Tumia kitu kama hiki: "Bibi, leo nimeongea mengi, sijui kama nimeeleza sawasawa. Ukifika nyumbani wakikuuliza dawa hii inamezwaje, utawajibu nini?" Mtihani umejipa wewe, si yeye. Hili kwetu ni muhimu, maana kumwambia mtu mzima "rudia nilichosema" ni kumfanya mtoto wa darasa la kwanza. Akikosea, usimsahihishe kwa kurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Sema "hapo sikueleza vizuri", badilisha mfano, muulize tena.

Najua utasema muda hauna. Mwaka 2003 daktari Dean Schillinger na wenzake walichapisha utafiti kutoka San Francisco, Marekani, ambako walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wa kisukari. Katika mahudhurio 61, ni 12 tu ambamo daktari alihakikisha mgonjwa ameshika jambo jipya aliloambiwa. Wagonjwa wa madaktari waliohakikisha walielekea kuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri zaidi, na mahudhurio hayo hayakuwa marefu kuliko mengine. Utafiti ni mdogo, na peke yake hauthibitishi kwamba kuuliza ndiko kulikoshusha sukari. Ila kisingizio cha muda unakidhoofisha.

Kinachokumalizia muda ni lile somo la nusu saa. Livunje. Jumanne moja, jambo moja, tena la kushika mkononi. Ningeanza na sukari kushuka kwa wote wanaotumia insulini au glibenclamide (kidonge kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi), kwa sababu hili linaua kwa saa chache na ndilo tunalolisahau. Tumemwambia mtu miezi yote kwamba sukari ni adui. Leo anatetemeka, jasho linamtoka, njaa ya ghafla, na bado anakataa kulamba. Njoo na kikombe, sukari na kijiko cha chai. Aje mgonjwa mmoja mbele apime vijiko 3, avikoroge kwenye maji, anyooshe kikombe watu waone. Sukari ikiwa chini ya 4, au mashine haipo na dalili zipo: kunywa hiyo, ngoja dakika 15, pima tena, bado chini, rudia, ikipanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu hamiminiwi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali. Waje na mtu wa nyumbani siku hiyo, kwa maana atakayekoroga kikombe hatakuwa mgonjwa.

Kisha kuna wale ambao elimu wanayo na bado sukari iko juu. Bibi mmoja alinifungulia pindo la khanga akanionyesha vidonge vya presha alivyokata nusu nusu kwa wembe. Alinieleza dawa yake vizuri kuliko wanafunzi wangu wa uuguzi. Alikuwa anavuta siku, kwa kuwa vya mwezi mzima hakuweza kununua. Mtu kama huyo ukimpa somo unamwonea. Anahitaji ukae na mfamasia wako mtafute dawa ya bei nafuu iliyopo, na tarehe ya kurudi ilingane na siku anayopata fedha. Utamjua ukiuliza bila kushutumu: "Wengi huwa wanaruka siku moja moja. Wewe wiki iliyopita ziliruka ngapi?"

Fedha za vipeperushi zikitoka, usikimbilie kiwandani. Andika rasimu moja kwa mkono, wape wagonjwa 5 wakusomee kwa sauti, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Pale ulimi unapokwama, na pale wanapocheka usipotarajia, ndipo pa kufuta.