Padri akianza kuhubiri, akili yangu hutoka kanisani

Mwanangu wa Mbweni,

Unaeleza kwamba unafanya kazi ya usiku katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, kwamba kila Jumapili ukitoka zamu unakwenda moja kwa moja misa ya asubuhi, na kwamba mahubiri yakianza ama usingizi hukuchukua, ama hufungua simu, hata mkeo akikuuliza njiani kilichohubiriwa huna la kumjibu. Unalalamika pia kwamba padri hurudia yale yale, na unaniuliza iwapo haitoshi kuimba na kupokea Komunyo.

Haitoshi, nami nakwambia hivyo kwa mapenzi. Mahubiri yamewekwa baina ya Injili na Kanuni ya Imani: Neno husomwa, hufafanuliwa, ndipo mnaposimama kusema "Nasadiki". Asiyesikiliza hapo katikati husimama kuitikia jambo lisilomfikia. Askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, alitumia miaka mingi kuyatia Maandiko katika Kiswahili ili wasikilizaji wake wayafahamu, nasi tunayapata bila taabu hiyo.

Usingizi usikutie hofu. Eutiko, yule kijana wa Matendo ya Mitume, naye alisinzia dirishani kule mjini Troa, Paulo alipohutubu hata usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alishuka akamkumbatia, wala hatusomi kwamba alimkemea. Mwili uliokesha haukudharau mtu. Omba ubadilishiwe zamu walau Jumamosi moja kwa mwezi.

Simu ni jambo jingine, kwa kuwa hiyo unaifungua kwa mkono wako ukiwa macho. Mpe mkeo aitie mkobani, nawe uchukue Biblia ya karatasi.

Ama kuhusu padri kurudia yale yale, isome Injili ya Jumapili kabla hujaingia zamu Jumamosi, uende kanisani na swali moja lililokukaa moyoni. Mwenye swali husikiliza kama mtu anayemngoja mgeni wake bandarini, ambaye humtazama usoni kila anayeshuka botini. Lisipojibiwa, msubiri padri nje baada ya misa umuulize kwa heshima. Naamini wahubiri wengi hurudia maneno kwa sababu hakuna anayewauliza kitu.

Jumapili hii usingoje mkeo akuulize. Mwambie wewe jambo moja ulilolisikia, hata likiwa sentensi moja, kisha umsikilize naye alisikia nini.

Shangazi yako