Ukungu wa Kinungi na balbu nilizonunua kwa weupe wake

Juzi usiku kijana mmoja wa Muyeye aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata kazi ya kupeleka maembe Nakuru. Nasikia huko juu kuna ukungu mbaya. Nifunge balbu gani?" Akanitumia na picha ya boksi alilooneshwa dukani. Balbu za LED, zimeandikwa 8000K, na juu yake pamechorwa gari linalotoa mwanga wa samawati.

Marahaba, mdogo wangu. Nilipoiona ile picha sikulala vizuri. Boksi kama hilo nililinunua mimi mwenyewe misimu mitatu iliyopita, na najua lilinifikisha wapi.

Sisi watu wa Malindi ukungu hatuujui. Tunaujua ule wa alfajiri unaotambaa juu ya mto Sabaki, na jua likipanda kidogo tu umeshakwenda zake. Gari zetu tunazijaribu kwenye barabara ya Mambrui na Gongoni, usiku mkavu, nyota tele. Hapo balbu yoyote nyeupe itakudanganya. Nilipofunga zangu nilitoka nazo mpaka Mambrui, mbuzi aliye mbali namwona, nikarudi nyumbani nimejaa furaha. Ami yangu, aliyekula chumvi nyingi kwenye malori, alisimama mbele ya pikapu, akakinga macho kwa kiganja, akasema: "Mwanangu, hii ni taa ya kuonekana, si taa ya kuonea." Nikaona mzee amepitwa na wakati.

Ilikuwa Januari. Nilibeba maembe ya ngowe kutoka Marafa, mzigo umejaa mpaka nyuma ya gari imelala. Safari ya kufika Nairobi sina haja ya kuieleza. Saa tisa usiku nikaipita Limuru, huko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Kabla ya Kinungi, kwenye barabara ya kwenda Nakuru, ukungu ukaanza kunijia vipande vipande, halafu ukafunga kabisa. Mbele ya boneti palikuwa kama mtu ametundika shuka jeupe. Nikawasha fuli, zile taa za kumulika mbali. Kila mgeni wa ukungu huwasha fuli, na kila mgeni hujuta. Lile shuka likageuka ukuta wa chokaa, macho yakaniuma, mstari wa barabara ukapotea. Nikaona taa nyekundu mbili karibu mno, nikakata usukani kushoto, gurudumu likaacha lami na pikapu ikalala mtaroni.

Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Lakini nusu ya maembe ilimwagika, na nusu iliyobaki mteja wangu wa Nakuru aliikataa, akisema yamepondeka. Mteja wa miaka minne! Mpaka leo simu yangu hapokei. Na yule muuza spea nilipomrudia na ushahidi mkononi, alinijibu mbele ya watu kwamba balbu zake ni nzuri, mbovu ni dereva. Neno hilo bado liko kifuani.

Fundi wa umeme wa magari wa hapa Malindi, mtaa wa Barani, ndiye aliyenifungua macho. Alizitoa zile balbu, akaweka mezani balbu ya halojeni ya kawaida, H4, ile ya 60/55W. Akanionesha nyuzi zake mbili zinazowaka, moja ya fuli, moja ya dimu, yaani taa ya kumulika karibu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usipande juu. Bakuli linalong'aa ndani ya taa limetengenezwa kwa kupimia uzi huo mahali pake. Ukichomeka LED ya bei rahisi ndani ya bakuli la halojeni, mwanga unatoka mahali pengine, bakuli linaurusha ovyo, na mwingine unapanda juu. Usiku mkavu huoni ubaya, anayeuona ni mwenzako anayekuja mbele. Kwenye ukungu mwanga uliopanda unagonga matone na kukurudia machoni. Basi ukizidisha nguvu ya taa, umejizidishia ukuta.

Hizo K kwenye boksi hazipimi nguvu, zinataja rangi. Halojeni ya kawaida iko karibu na 3200K, mwanga wake una umanjano. Ukifika 6000K ni weupe wa baridi, 8000K ni samawati. Wengi watakwambia manjano hupenya ukungu. Si kweli sana. Tone la ukungu ni kubwa kuliko wimbi la mwanga wa rangi yoyote, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Faida ya manjano iko kwenye jicho, kwani samawati hulichosha na kuliumiza likirudi usoni. Ufaransa magari yote yalitakiwa kuwa na taa za manjano mpaka 1993, kisha wakaacha, na watu wao wanaendelea kuendesha. Kwa hiyo, kijana, nunua halojeni ya kawaida yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye balbu yako ya zamani. Nunua mbili, ubadilishe zote pamoja. Kioo chake usikishike kwa vidole, mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema. Na ukishawishiwa balbu ya 100W, kataa. Hiyo hunyonya zaidi ya ampea 8 pale ambapo ya 60W hunyonya 5, na nimeona soketi iliyoyeyuka kama nta.

Sasa jambo ambalo hakuna duka litakalokwambia, nami ningelijua mapema ningekuwa bado na mteja wangu. Mzigo ukilaza nyuma ya gari, pua inainuka, na taa nazo zinainuka. Dimu yako inakuwa nusu fuli! Usiku ule hata balbu nzuri zingenitesa. Kama gari lako lina kile kitufe cha kushushia taa, cha 0 hadi 3, kizungushe ukishapakia. Kama halina, fundi azipime gari likiwa na mzigo. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, washa dimu, na ukingo wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hivi.

Taa za ukungu zenyewe zifungwe chini, kwenye bampa, zimulike lami kwa upana. Nawaona vijana wanazifunga juu ya paa la gari. Jamani, juu ya paa! Na vioo vya taa zetu hapa pwani jua huvifanya vya manjano na ukungu-ukungu. Visugueni kwanza kabla hamjatupa pesa kwenye balbu. Mnapenda kununua, kusafisha hampendi. Na mwendo punguzeni. Ukienda 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, na Kinungi kuna usiku huzioni hizo mita 22. Dimu, taratibu, na msikubali kusukumwa na basi linalopiga honi nyuma.

Msimu huu nimeipita Kinungi mara sita usiku kwa balbu za halojeni za kawaida kabisa, na hakuna embe lililopondeka.

Kijana wa Muyeye, hilo boksi usilichane, lirudishe. Jumamosi baada ya Isha pakia gari lako, uje nalo Barani. Ukuta wa karakana ya fundi ni mweupe na mrefu, na mita 10 nimeshazipigia mstari wa chokaa.