Kaptura ya baskeli yenye sponji kwa mwanamke mwenye umbo dogo: mnauliza, tunajibu

Assalaam alaykum. Nina kilo 44, naendesha kila siku kutoka Fuoni hadi Mjini. Kaptura ndogo kabisa niliyoipata, sponji yake inajikunja katikati ya mapaja. Ninunue ya kitoto?

Waalaykum salaam, dada. Usinunue. Sponji ya kaptura ya mtoto ni nyembamba kwa upana kwa sababu nyonga zake hazijatanuka. Umbo lako ni dogo, lakini ile mifupa miwili ya makalio unayoisikia ukikaa juu ya ubao inaweza kuachana sawasawa na ya mwanamke mwenye kilo 80. Kilo haziamui upana wa nyonga, kwa hiyo upime.

Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, ukiweke juu ya baraza ya saruji. Kalia ukiwa na nguo nyepesi, inama mbele kama uliyeshika usukani, nyanyua visigino, uhesabu mpaka 60. Ukiinuka utaona vishimo viwili. Tia nukta katikati ya kila kimoja, kisha upime kutoka nukta hadi nukta. Wanawake wengi huangukia baina ya sentimita 10 na 15. Ile sehemu ngumu ya sponji, nyuma, lazima ivifunike vishimo vyote viwili na izidi kidogo kila upande.

Kinachojikunja kwako ni upande wa mbele. Tafuta sponji iliyo pana nyuma, inayopungua upana haraka kuelekea mbele, na isiyo na mshono katikati. Unapoijaribu, usiipime umesimama tu. Inama. Kitambaa kilale kama ngozi ya pili. Ukiweza kukifinya na kukiokota pajani, ni kubwa. Ukisimama wima ikakuvuta kidogo tumboni, hiyo si kasoro, imekatwa kwa mtu aliyeinama.

Mapaja yamenitosha lakini kiuno kinapwaya. Fundi cherahani anaweza kuipunguza?

Kiuno, ndiyo: apunguze lastiki kwa nyuma, kwa mshono wa zigizaga. Mshono ulionyooka hukatika mara tu kitambaa kikivutika. Mishono ya ndani ya mapaja na ya kuzunguka sponji asiiguse kabisa, kwani uvimbe mdogo wa uzi pale hukuchubua ndani ya nusu saa.

Nakwenda Wete hadi Chake Chake na kurudi. Sponji nene zaidi ndiyo bora?

La. Sponji nene na laini hudidimia yote, mifupa ikagusa kiti, na kile kilichobaki kikasukumwa pembeni kukubana. Kwa mwili mwepesi hali ni mbaya zaidi mapajani, maana nafasi yenyewe ni ndogo. Bonyeza kwa dole gumba pale nyuma: ikikupinga kabla hujafika chini na kurudi mara moja ukiachia, ni nzuri, hata ikiwa na unene wa milimita 10 tu.

Chupi ivaliwe ndani?

Isivaliwe. Mishono yake ndiyo inayochubua, na pamba hushika jasho.

Sisi tunavaa baibui. Nifanyeje?

Vaa kaptura ya ndani, ile nyepesi yenye sponji, au taiti ndefu yenye sponji, kisha suruali pana juu yake. Suruali isiwe na mshono mnene wa jinzi katikati. Kinachotutia hofu ni pindo: baibui likiingia kwenye spoku au cheni, baskeli husimama ghafla na wewe ukaendelea. Lipandishe juu ya goti ulifunge, na baskeli iwe na kifuniko cha cheni na wavu wa gurudumu la nyuma.

Za mitumba zinafaa?

Chache. Vuta kitambaa kwenye mwanga. Ukiona vijiuzi vyeupe vya lastiki vimechomoza, iache. Sponji iliyobaki na alama ya makalio ya mwenyewe wa kwanza haikufai wewe.

Niko Jambiani, maji ya kisima yana chumvi. Nafuaje?

Siku hiyohiyo, kwa mkono, sabuni kidogo. Fua kwa maji ya kisima ukikosa mengine, lakini suuza ya mwisho kwa maji matamu, maana chumvi ikikaukia kwenye sponji hukwaruza ngozi. Usiikamue kwa kuipinda, iminye. Anika kivulini, sponji ikitazama nje. Masika haikauki kwa siku moja, basi kuwa nazo mbili. Usiirudie mbichi.

Nimenunua nzuri, bado naumia mbele na kupata ganzi.

Hapo tatizo si kaptura. Mwanamke mfupi juu ya baskeli kubwa ya magurudumu ya inchi 28 huwa mbali na usukani, akateleza mpaka kwenye ncha ya kiti, ambako sponji haimsaidii. Anza na urefu: kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuyumba. Kisha legeza nati za chini ya kiti, kisogeze mbele nusu sentimita, ncha isitazame juu, ukaze. Endesha siku mbili kabla ya kugusa kingine. Ganzi ikibaki hata baada ya kushuka na kupumzika, muone daktari.